Moto Usivuke Ukuta Bila Idhini

Tangazo lilisomwa Kashikishi, upande wa Zambia wa Ziwa Mweru, siku ya soko, kwa kipaza sauti, mbele ya watu wengi na samaki wengi kuliko watu. Lilisema kwamba kuanzia siku hiyo moto umepigwa marufuku kuvuka ukuta wowote wa umma katika wilaya ya Nchelenge bila idhini ya maandishi. Moto utakaokaidi utachukuliwa hatua.

Aliyelisoma kwa Kiingereza, kisha kwa Kibemba, alikuwa Ba Lackson Kabaso (Ba ni Bwana kwa Kibemba), Kaimu Mratibu wa Kitengo cha Kinga Tulivu ya Moto. Aliyelirudia kwa Kiswahili, kwa ajili ya wafanyabiashara wanaovuka ziwa kutoka Congo na wale wanaoishi kambini Mantapala, alikuwa Hugues Kalenga, mkalimani rasmi wa Kitengo. Hugues alilitafsiri vizuri sana. Watu wakapiga makofi, kisha wakarudi kugeuza samaki wao juani.

Huyu Hugues alitoka Pweto, ng'ambo ya ziwa. Kule alikuwa karani wa parokia, mtu wa kusoma matangazo ya ndoa kwa sauti iliyowafanya maharusi wajione wameshaoana. Vita vilipowatoa, alivuka kwa mtumbwi pamoja na dada yake mkubwa, Pierrette, wakapokelewa katika kambi ya muda ya Kenani, wakahamishiwa Mantapala, wakapewa shamba la kulima. Pierrette alilima, akauza mihogo, akaanza biashara ya samaki wakavu. Hugues alilima msimu mmoja, akagundua kwamba jembe halina maneno, akatafuta kazi ya ukalimani. Alipenda maneno marefu kama wengine wanavyopenda nyama. Alivaa shati jeupe kila siku, na kalamu mfukoni, na hakuna siku aliyowahi kumtilia bosi wake neno mdomoni wala kumpunguzia moja. Hiyo ndiyo iliyokuwa heshima yake, na hakuwa na nyingine.

Jina la Kitengo lilimsumbua mwanzoni. Alimwendea Ba Kabaso akamwomba amfafanulie hiyo kinga ni tulivu kwa namna gani. Ba Kabaso akamweleza kwa upole kwamba kinga za moto ziko za aina mbili. Kuna ile ya kukimbia huku na huku, ya maji, kengele na watu wenye ndoo. Na kuna ile inayokaa ndani ya ukuta, haisemi, haifanyi kitu, inangoja tu, na siku moto ukija unaikuta imekaa palepale na hauwezi kupita. Alisema kwamba tangu alipopangiwa kazi hii alitambua huo ndio wito wake. Kitengo kilikuwa na wafanyakazi watatu, na wote walikuwa watulivu sana.

Tusiseme kwamba kazi haikuhitajika. Mwaka uliotangulia, mabanda ya samaki ya Kashikishi yalikuwa ya matete na plastiki, yamebanana kama meno. Kaa moja liliruka kutoka tanuri la kukaushia, upepo wa ziwa ukalipokea, na kabla watu hawajanawa mikono kutoka kwenye bukari, ugali wao wa mchana, mabanda yote yalikuwa majivu. Samaki mkavu ana mafuta. Anawaka kuliko kuni. Pierrette alipoteza mzigo wote wa msimu. Hugues alimkuta amesimama katikati ya majivu, viatu mkononi, halii wala hasemi. Alitafuta neno la kumwambia, yeye mwenye maneno, akakosa.

Baada ya hapo wafadhili walijenga jumba jipya la soko, la matofali na mabati, lililogawanywa vyumba kwa kuta nene. Maana yake ilikuwa wazi hata kwa mbuzi: moto ukishika chumba kimoja ufie humo, jirani asalimike. Kasoro ilikuwa ndogo. Mafundi wa umeme na wa maji walipokuja baada ya waashi, walitoboa kuta juu karibu na dari ili wapitishe nyaya na mabomba. Kwa waya mnene kama kidole walivunja tundu la kupita sufuria. Katika matundu hayo zilipita nyaya, yalipita mabomba, walipita mbayuwayu, na alipita paka mmoja wa rangi ya majivu ambaye alikuwa na mke katika chumba cha tatu. Moto nao ungepita.

Dawa yake ililetwa kwa lori. Zilikuwa mbao laini za pamba ya mawe, ambayo haiungui, zilizovikwa karatasi ya kung'aa. Ndoo za udongo mwekundu wa kuzibia matundu, laini kama bukari iliyopoa, ambao haukauki hata ukikaa miaka. Na tepe ndefu za kubandika kwenye fremu za milango, ambazo zikipata joto zinavimba na kuziba kila mwanya. Vifaa hivyo vilitosha jumba zima la soko. Wanawake wa soko walishangilia. Ilikuwa Novemba, na mwanzo wa Desemba ziwa hufungwa ili samaki wazaane. Kila mwenye biashara alitaka aweke ndani mzigo mkavu wa kuuza miezi ile ya kufunga. Walichongoja ni matundu yazibwe.

Ba Kabaso aliitisha kikao cha kamati ya Kitengo. Swali aliloliweka mezani lilikuwa zito, na Hugues alilitafsiri kwa wawakilishi wa soko bila kupoteza hata koma. Vifaa hivi vya kuzuia moto ni mali ya thamani. Je, itakuwaje moto ukivishika kabla havijatumika? Kamati ilitikisa kichwa kwa hofu. Ikakubaliwa kwamba kabla ya kulinda soko, lazima kwanza kulinda vifaa. Vingewekwa katika ghala la Kitengo, nyuma ya ofisi. Lakini ghala la Kitengo halikuwa na kinga ya moto. Basi ikapitishwa, bila kupingwa, kwamba ghala liwekewe kinga ya moto, kwa kutumia vifaa vilivyopo.

Kazi ilifanyika kwa bidii ambayo Kitengo hakikuwahi kuionyesha. Kuta za ghala zilivikwa pamba ya mawe, ndani na nje. Dari ilivikwa. Dirisha lilizibwa. Matundu ya hewa yalizibwa, kwa kuwa hewa, Ba Kabaso alieleza, ndiyo chakula cha moto. Mlango wa chuma ulizungushiwa tepe, na juu ya tepe udongo mwekundu, kwa nje, mnene kama mkono wa mtoto mnene. Tundu la ufunguo lilizibwa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza walikuwa wamesahau ufunguo ndani yake. Walipomaliza, ghala lilikuwa salama kuliko jengo lolote kando ya Ziwa Mweru, na vifaa vyote vilikuwa vimekwisha. Ndani ya ghala hakukuwa na kitu cha kulindwa isipokuwa ndoo tupu, ambazo zilipangwa vizuri ukutani.

Ilibidi Hugues aende sokoni kuwaeleza. Alisimama mbele ya wanawake, akakohoa, akasema kwamba mpango uko katika awamu ya kwanza, ambapo kinga imejikinga yenyewe. Awamu ya pili, ya kukinga watu, itategemea upatikanaji wa vifaa.

Pierrette, ambaye ndiye walikuwa wamemchagua kuwa msemaji wao, alimsogelea leki yake, yaani mdogo wake, na kumuuliza kwa sauti ya chini.

"Leki, weye mwenyewe umesikia bile umesema?"

Hugues alijibu kwamba yeye kazi yake ni kutafsiri.

"Niko nakuuliza kama umesikia," alisema Pierrette.

Jioni ile alikula bukari yake kwa dada yake kama kawaida, na dada yake alimwekea samaki mkubwa kama kawaida, na jambo hilo lilimuuma zaidi kuliko kama angemnyima.

Siku ya uzinduzi ikafika. Kinga ilipaswa kuzinduliwa rasmi, na kutoka Lusaka alikuja Mgeni Rasmi, mtu mnene na mtaratibu, aliyezindua vitu vingi katika maisha yake na hakukumbuka hata kimoja. Ba Kabaso alikuwa ameandaa onyesho. Utawala, alisema kwenye kipaza sauti, unajiamini. Kwa hiyo Mgeni Rasmi, Kaimu Mratibu na wajumbe wote wa kamati wataingia ghalani. Mlango utafungwa na kuzibwa. Nje yake utawashwa moto wa mfano. Ndani, wakiwa wametulia kabisa, watafanya kikao kifupi cha kujipongeza, kisha watatoka wakiwa baridi kama samaki wa barafu. Viti viliingizwa, vinywaji vikaingizwa, keki ikaingizwa.

Kabla ya kuingia, Ba Kabaso alitoa maagizo kwa askari wa zamu, kijana mmoja mrefu aitwaye Patson. Mtu yeyote asiguse, asivute wala asikwaruze kizuizi cha mlango bila idhini ya Mratibu iliyotiwa saini. Hugues atabaki nje kama sauti rasmi ya Kitengo. Patson alipiga saluti. Mlango ukafungwa, na vibarua wakaurudishia pande zote hadi chini ule udongo mwekundu uliobanduliwa ili waingie, hata sisimizi asingepita.

Moto wa mfano uliwashwa kwenye pipa. Kwa kuwa kuni nzuri zilikuwa zimetumika kupikia wageni, walitumia makreti ya zamani ya samaki, yaliyolowa mafuta ya miaka. Moto ulianza kwa adabu. Kisha upepo wa ziwa, ambao haukuwa umepewa nakala ya ratiba, uligeuka. Ndimi za moto zikalala upande, zikaulamba mlango wa ghala, zikaendelea kuulamba kama ng'ombe anavyolamba chumvi. Wanawake wa soko hawakungoja hotuba. Walikimbia na mabeseni yao ya samaki, wakachota ziwani, wakamwaga, wakachota tena, mpaka pipa likabaki kutoa moshi tu. Hiyo ilikuwa kinga ya kukimbia huku na huku, na haikuwa katika ratiba.

Vifaa vilifanya kazi yao kikamilifu. Ndani ya ghala hakuna aliyehisi hata joto. Tepe za mlangoni, zilipoonja moto, zilivimba kama mandazi, zikajaza kila mwanya, zikaushika mlango kwa nguvu zote za kiwanda kilichozitengeneza. Saa ya kutoka ilipofika, mlango haukutikisika.

Mwanzoni watu walidhani kikao kimenoga. Kisha zikaanza kusikika ngumi kutoka ndani, kwa mbali, kama mtu anayetwanga mihogo kijiji cha pili. Mtu alijaribu simu. Lakini ile pamba ya mawe ilikuwa imevikwa karatasi ya kung'aa, na mtandao wa Nchelenge, ambao hata nje hupita kwa kubembelezwa, haukuingia. Mmoja wa vibarua alikumbusha kwamba matundu ya hewa yamezibwa. Pierrette alimwendea Patson na kisu chake cha kuparia samaki, akamwomba asogee.

Patson hakusogea. Alieleza kwa Kibemba, na Hugues akatafsiri, kwamba yeye hana ubaya na mtu, ila inatakiwa saini ya Mratibu. Pierrette akasema Mratibu yuko ndani. Patson akakubali kwamba hilo analijua. Akaulizwa karatasi ya kutia saini itamfikiaje. Aliutazama mlango juu, akautazama chini, akasema kwamba ni kweli, hakuna nafasi ya karatasi. Akasimama wima zaidi. Jasho lilianza kumtoka. Alikuwa mtu mwema aliyepewa amri kamili, na hakuna mtu mgumu kuliko huyo.

Lakini akafikiri, na fikra ikamjia. Hugues ni sauti rasmi ya Kitengo. Kama Hugues ataweka sikio mlangoni na kuleta neno la Mratibu, yeye Patson atalipokea kama limetoka kinywani mwa Mratibu mwenyewe.

Hugues aliweka sikio. Chuma kilikuwa bado na joto. Akasikia mngurumo, kama mtu anayezungumza ndani ya gunia la unga. Huenda kilikuwa Kiingereza, au Kibemba, au ni mtu anakohoa. Aliinuka, akageuka. Soko zima lilikuwa linamtazama.

Akasema ukweli, kwamba hasikii kitu.

Patson akaeneza mikono kwa masikitiko. Pierrette alimsogelea ndugu yake, kisu mkononi, majivu ya moto wa mfano yamemshika kwenye nywele, na Hugues akamwona tena vile alivyomwona mwaka uliopita, amesimama na viatu mkononi.

"Leki," alisema, taratibu kabisa, "kila siku unatutafsiria maneno yenye hatuelewe. Leo tafsiri moja yenye tunaelewa."

Kazi ya Hugues ilikuwa katika neno lililofuata, na shati lake jeupe, na pengine hata makaratasi yake ya ukimbizi. Maana mtu anayemtilia bosi maneno mdomoni anaweza kufanyiwa lolote. Aliinama tena mlangoni. Akauliza kwa Kiingereza safi na kwa sauti kubwa, ili utaratibu usikiukwe, kama Mheshimiwa Mratibu anaidhinisha kuondolewa kwa kizuizi. Akasikiliza. Ndani kuligongwa mara kadhaa.

Akainuka, akanyoosha kola.

"Anasema ndiyo," alisema. "Saini itafuata."

Patson alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. Maneno hayo aliyajua. Maisha yake yote ya kazi saini ilikuwa inafuata. Akasogea.

Wanawake walishika visu vya samaki wakaanza kubandua. Udongo mwekundu, ukiondoa gamba jeusi la juu lililoungua, ulitoka mabonge mabonge, laini, mzima, kama siku ulipotoka kwenye ndoo. Mmoja alitaka kuutupa. Hugues alimtazama, akautazama udongo, na akahisi ndani yake kitu ambacho hajawahi kukihisi: sentensi ambayo haikutoka kwa mtu mwingine. Aliinama haraka, akasikiliza kwa makini, akainuka.

Mratibu, alisema, anaagiza udongo usipotee. Upelekwe sokoni sasa hivi, ukazibe matundu yote ya kuta. Na ile pamba ya mawe ya nje ya ghala ibanduliwe nayo, kwa kuwa ghala limeshajithibitisha na halina haja tena.

Wakabandua ghala kama watu wanaomenya muwa. Mstari ulijitengeneza wenyewe kutoka ghalani hadi sokoni, mabeseni yakipita mkono kwa mkono, na juu ya ngazi vibarua wakashindilia pamba na udongo kuzunguka kila waya na kila bomba. Mbayuwayu walitoka. Paka alipewa muda wa kuchagua familia ya kubaki nayo.

Lakini jambo likishajulikana halizuiliki. Mzee mmoja mvuvi alimwendea Hugues na kumwomba, kwa kuwa yuko na wakubwa kwenye laini, aulize habari ya choo cha soko kilichoahidiwa. Hugues aliuliza kwa Kiingereza safi. Ndani kukagongwa. Mratibu anasema ndiyo, choo kianze kuchimbwa Jumatatu. Bibi mmoja akauliza kuhusu taa ya gatini, ambapo watu wanatumbukia usiku na mizigo yao. Mratibu anasema ndiyo. Wenye vyumba wakauliza kama wanaweza kuingiza samaki leo leo, kabla ziwa halijafungwa. Kuligongwa kwa nguvu sana. Mratibu anasema ndiyo, na anasisitiza.

Kisha akaja kijana mmoja mwenye nyavu, akiuliza kama yeye peke yake anaweza kuruhusiwa kuvua miezi ya kufunga. Hugues aliinama kwa muda mrefu kuliko mara zote. Akainuka, uso mzito.

"Anasema hapana. Samaki nao beko na haki ya kupumzika."

Kijana akaondoka ameridhika. Hakuwahi kujibiwa na serikali haraka namna ile.

Foleni ilikuwa inarefuka pale Pierrette alipomgusa ndugu yake bega. Udongo ulikuwa umekwisha mlangoni; zilibaki zile tepe zilizovimba, nyeusi, zinazomomonyoka kama mkate ulioungua.

"Inatosha," alisema. "Bale nao ni batu. Bapumue."

Hugues aliona haya kidogo, maana alikuwa ameanza kusahau kwamba ndani kuna watu. Visu vikapita pembeni mwa mlango, vumbi jeusi likamwagika, watu wakashika kishikizo na kuvuta kwa pamoja. Mlango ukafunguka na joto la watu waliobanana likatoka, likifuatwa na kamati. Walikuwa wamevua makoti. Keki ilikuwa imeliwa yote. Mgeni Rasmi alikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa na kunywa maji kutoka kwenye beseni la samaki bila kuuliza. Ba Kabaso alikuwa bado mtulivu, ila kwa namna ya mtu asiye na nguvu ya kuwa vingine.

Kabla hawajapata akili, Jessica wa redio ya jamii alikuwa mbele yao na kinasa sauti. Aliwapongeza. Akasema kwamba katika kikao kimoja wameziba matundu ya soko, wamefungua vyumba, wameagiza choo, wameidhinisha taa gatini na kukataa upendeleo katika ufungaji wa ziwa. Akauliza ni nini siri ya kasi hiyo.

Mgeni Rasmi alimtazama Ba Kabaso. Ba Kabaso aliutazama ukuta wa ghala, uchi wa matofali, kisha soko, ambapo wanawake walikuwa wanapanga samaki vyumbani na kuimba. Hatimaye akamtazama Hugues. Hugues alikuwa ameshika kalamu kwa mikono miwili, kama mtu anayeshika ubao baada ya mtumbwi kuzama. Aliona kwamba bosi wake ameelewa yote. Aliona pia kwamba bosi wake anahesabu: kusema sikuagiza haya ni kusema nilikuwa nimefungiwa na kifaa changu mwenyewe nikigonga mlango kama kuku, na nikila keki.

Ba Kabaso alikohoa. Akasema kwenye kinasa sauti kwamba kilikuwa kikao chenye tija. Mgeni Rasmi, kutoka kwenye ndoo, akasema kwamba anaunga mkono. Hugues akalitafsiri jibu hilo kwa Kiswahili neno kwa neno, bila kuongeza kitu, akairudisha kalamu mfukoni.

Katikati ya miezi ya kufunga ziwa, mchana mmoja, jiko la mkaa lilipinduka katika chumba cha Agnès, jirani wa Pierrette. Chumba kile kiliwaka vibaya, na samaki wote wa Agnès waliteketea. Pierrette alisimama nje na beseni la maji, akitazama juu ya ukuta, pale palipokuwa na tundu. Udongo mwekundu ulishikilia, ukafanya gamba jeusi kwa nje. Hakuna kilichopita, hata moshi wa kuchoma macho. Moto ukala ulichokuwa nacho, ukakosa pa kwenda, ukafa. Kesho yake kila mwenye chumba alimpa Agnès kapu la samaki, na Hugues alibeba la dada yake mwenyewe, mpaka kola ya shati jeupe ikanuka.

Habari hizo zilifika Lusaka zikiwa zimenyooshwa. Mgeni Rasmi aliandika ripoti ndefu kuhusu mbinu mpya ya uongozi iliyogunduliwa Nchelenge chini ya usimamizi wake, na wakubwa wake wakaisoma, wakaipenda sana. Ukatoka waraka. Kwa kuwa kikao kimoja cha ndani ya ghala kimetoa maamuzi mengi kuliko vikao vyote vya nje vya miaka iliyopita, inaagizwa kwamba kuanzia sasa vikao vyote vya kamati vifanyike mahali palepale, mlango ukiwa umefungwa, na mkalimani akae nje na wananchi. Kwa sababu za kibinadamu, litobolewe tundu moja la hewa.

Ba Kabaso aliusoma waraka ule mara nyingi, akitafuta kasoro. Ulikuwa na mhuri na nakala kwa kila mtu.

Basi Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi unaweza kuwaona. Wajumbe wanaingia na chupa zao za maji, wa mwisho akiwa Ba Kabaso, ambaye kila mara anasimama kizingitini na kulitazama ziwa kidogo kabla ya kuinamisha kichwa. Patson anafunga mlango na kupiga saluti. Nje, Hugues anakaa kwenye kiti chake, na foleni ya wananchi inafika mpaka gatini penye taa. Mwezi huu aliyekuwa mbele ni Pierrette, aliyetaka kujua kama watoto wa Mantapala wanaweza kupandishwa bure gari la shule linalopita tupu kila asubuhi.

Hugues aliuliza kwa Kiingereza safi. Kwa sababu ya lile tundu la hewa, siku hizi sauti inapita vizuri, na alimsikia bosi wake wazi kabisa, akiwa amepiga magoti upande wa pili.

"Hugues," Ba Kabaso alisema, "tafadhali, waambie sijasema kitu chochote."

Hugues aliinuka, akanyoosha kola, akamgeukia dada yake.

"Anasema ndiyo," alisema.